Bibi Tabu, Zuri na Zoe: jibu kwa baba mtarajiwa wa Makorora

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Makorora, Tanga. Mke wangu, mzaliwa wa Muheza, anatarajia kujifungua mtoto wetu wa kwanza mwezi ujao, na tumeambiwa ni wa kike. Mama yangu anataka mtoto aitwe Tabu, jina la bibi yake aliyemlea. Mke wangu hataki. Anasema jina ni dua, na mtoto aitwaye Tabu atapata tabu. Yeye amekusanya majina ya mataifa mbalimbali pamoja na maana zake, na anayoyapenda zaidi ni Zuri, Kamaria, Amara na Zoe. Je, jina lenye maana mbaya lina madhara? Na tutajuaje kwamba maana zilizoandikwa katika orodha hizo ni za kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amjalie mkeo ajifungue salama. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu katika nyumba nyingi watu hubishana juu ya maana ya jina kabla ya kuuliza maana hiyo imetoka katika lugha gani.

Orodha za majina zinazosambaa siku hizi huweka jina upande mmoja na neno moja la maana upande wa pili, na msomaji huondoka akiamini kwamba amelijua jina. Lakini jina lina lugha iliyolizaa, yenye sarufi na matamshi yake. Lina tukio lililowafanya wazazi walichague. Na mara nyingi, hasa huku kwetu pwani, lina mtu aliyelibeba kabla ya huyu anayepewa. Orodha ya mkeo inagusa hilo la kwanza tu, na hata hilo hailigusi sawasawa.

Chukua Zuri. Orodha nyingi za ng'ambo hulitaja kuwa jina la Kiswahili lenye maana ya mrembo. Wewe na mkeo mmekulia katika Kiswahili, na masikio yenu yanajua kwamba -zuri ni kivumishi kinachofuata nomino yake: mtoto mzuri, nyumba nzuri, watu wazuri. Umbo la zuri lisilo na kiambishi tunalipatanisha na shamba, tunda, gari au jina lenyewe, wala hatulitumii kwa mtu. Mzazi wa Marekani mwenye asili ya Afrika, anayetafuta neno la kumuunganisha mwanawe na bara hili, analipenda kwa sababu za haki kabisa, nami simlaumu. Mtoto wa Makorora, hata hivyo, ataitwa jina hilo darasani mbele ya wenzake waliofundishwa upatanisho wa kisarufi tangu darasa la tatu. Wazee wetu walipotaka kutaja uzuri walisema Jamila au Hasna, kutoka Kiarabu, au Chaurembo, ambalo tumelifinyanga wenyewe.

Kamaria ni jina sahihi upande wa Kiarabu: limetokana na qamar, yaani mwezi wa mbinguni. Shida yake ni neno linaloishi jirani nalo. Katika mazungumzo yetu ya kila siku mwezi ni mwezi, na kamari ni mchezo wa kubahatisha fedha, neno lililotoka katika mzizi wa Kiarabu wenye sauti zinazokaribiana sana na huo. Watoto wa mtaani hawatafungua kamusi kabla ya kumtania mwenzao. Ikiwa mkeo anapenda nuru za mbinguni, Zuhura, jina la sayari ing'aayo alfajiri na magharibi, limekaa pwani hii kwa muda mrefu na halina jirani wa kulichafua. Nuru pia lipo, na linasema lenyewe bila mfasiri.

Amara ndilo mfano mzuri zaidi wa kwa nini nasema uliza lugha kwanza. Katika Kiigbo cha Nigeria, Amara ni neema. Katika Kisanskriti, lugha kongwe ya Uhindi, sauti hizohizo humaanisha asiyekufa. Katika Kiitaliano, amara ni kivumishi cha kike chenye maana ya chungu. Orodha iliyoandika maana moja tu haikusema uongo. Imekata theluthi mbili za habari. Mara, mzizi wa Kiebrania wa uchungu, umo hata katika Biblia: Naomi, aliyefiwa na mume na wana wawili, alirudi Bethlehemu akawaambia wanawake wa mji wasimwite tena Naomi, yaani mwenye kupendeza, bali wamwite Mara. Ukilichagua Amara, basi lichague kwa Kiigbo, na umfundishe mtoto kwamba jina lake ni la Kiigbo, ili siku atakapoulizwa asibabaike.

Zoe ndilo nililolifurahia, na nitakueleza sababu. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya uzima. Wayahudi walipoitafsiri Torati kwa Kigiriki, karne kadhaa kabla ya Kristo, walipofika pale Adamu anapompa mkewe jina waliandika Zoe mahali pa Hawa, kwa kuwa Hawa nalo lina maana ya uhai. Nenda upande wa Kiarabu utakuta Aisha ni mwenye kuishi, na Aisha huyo ndiye tuliyemfanya Asha na Mwanaisha. Kwa hiyo mkeo anayependa Zoe kwa ajili ya maana yake hana haja ya kwenda Ugiriki kuitafuta, kwani imekwisha ingia katika nyumba za Ngamiani na Chumbageni kwa majina ya Asha, Mwanaisha, Hawa na Mwanahawa. Hilo Mwana lililotangulia lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke wa cheo, kama unavyoliona katika jina la Mwana Kupona, na katika mengi ya leo limefupishwa likabaki Mwa, kama katika Mwajuma.

Maana kuvuka mipaka namna hiyo si jambo geni. Watu karibu kila mahali wamemwona mtoto kuwa kitu walichopewa: Theodori kwa Kigiriki, Mathayo na Nathanaeli kwa Kiebrania, Bogdan katika lugha za Kislavoni, Sipho kwa Kizulu, Mpho kwa Kisotho, Chipo kwa Kishona, Hiba na Hidaya kutoka Kiarabu, na kwetu Zawadi na Tunu. Mkishakubaliana maana mnayoitaka, mtagundua kwamba mna lugha kumi za kuchagulia, na baadhi ya lugha hizo zimo ndani ya ukoo wenu.

Kabla sijaacha suala la lugha, kuna tahadhari moja inayowahusu zaidi Waislamu wa pwani. Kiswahili kimeyapokea majina ya Kiarabu bila kubeba tofauti zote za herufi zake, na hivyo majina mawili tofauti huweza kuandikwa kwa namna moja. Tunaandika Amina, lakini Kiarabu kina Amina mwenye irabu ndefu mwanzoni, yaani aliye salama, jina la mama yake Mtume, na kina Amina mwenye irabu ndefu katikati, yaani mwaminifu. Hapo hakuna hasara, maana yote mawili ni mema. Lakini Asiya ni jambo jingine. Asiya mke wa Firauni, mwanamke anayeheshimiwa sana katika Uislamu, huandikwa kwa alifu na sini. Yuko Asiya mwingine wa aini na swadi, ambalo maana yake ni muasi, na hadithi zinasimulia kwamba Mtume alilibadilisha jina hilo la pili akampa mwenyewe jina la Jamila. Ukipenda jina la Kiarabu, mwombe mwalimu wa madrasa akuandikie kwa herufi za Kiarabu kabla ya kulikubali. Kwa mtoto wa kiume mwulize pia kama ni jina la Mungu linalohitaji Abdul mbele yake, kama Abdulrahman, maana hilo halikatwi likabaki Rahman peke yake.

Sasa nije kwenye tukio. Majina mengi ya Afrika ni kumbukumbu ya saa, siku au hali ya kuzaliwa. Chausiku alizaliwa usiku, Mwanamvua wakati wa mvua, Saumu katika mfungo, Mosi, Pili na Tatu kwa mfuatano wao. Waakan wa Ghana wana jina kwa kila siku ya juma, la kiume na la kike: aliyezaliwa Ijumaa ni Kofi au Afua, wa Jumamosi ni Kwame au Ama, na ndiyo maana ukisikia Kwame Nkrumah au Kofi Annan umekwisha jua siku. Wajaluo hutaja saa: Atieno ni wa usiku, Achieng' ni wa jua la mchana. Pacha wa Kiyoruba ni Taiwo na Kehinde. Wa Kisukuma na Kinyamwezi ni Kulwa na Doto, majina ambayo leo utayasikia mpaka huku Tanga. Mwalimu Nyerere aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Julius lilikuja kwa ubatizo alipokuwa kijana.

Hata hapo usikimbilie kuhitimisha. Mfikirie Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, karibu kabisa na mji wetu. Shaaban ni mwezi wa nane wa Hijria, na mtu angedhani mara moja kwamba alizaliwa mwezi huo. Tarehe yake ya kuzaliwa inayoandikwa ni 1 Januari 1909, na siku hiyo kwa hesabu ya Hijria ilikuwa katika Dhulhija, Mfungo Tatu kwa hesabu yetu, zaidi ya miezi mitatu baada ya Shaaban kwisha. Ikiwa tarehe hiyo ni sahihi, basi jina halikutoka kwenye kalenda. Majina ya miezi na siku, Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Juma na Hamisi, yamerithiwa kwa muda mrefu kiasi kwamba mengi yake sasa yanamtaja babu kuliko yanavyoutaja mwezi.

Hapo ndipo ninapotaka tulitazame jina la Tabu.

Mkeo hakosei anaposema jina ni dua. Katika Uislamu kumpa mtoto jina jema ni haki yake juu ya wazazi, na nimekwisha taja kisa cha Asiya. Kuna na kingine: mtu mmoja aliyeitwa Hazn, jina lenye maana ya ugumu, Mtume alimshauri aitwe Sahl, yaani wepesi, naye akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake; mjukuu wa Hazn huyo, Said bin al-Musayyab, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alikuja kusimulia kwamba ugumu huo uliendelea kukaa katika ukoo wao. Katika Biblia, Raheli alipokuwa akikata roho kwa uzazi alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu, na Yakobo akalibadilisha jina hilo papo hapo kuwa Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Kwa hiyo hofu ya mkeo ina mizizi ya kale, na ninakuomba usiiite ushirikina mbele ya mama yako wala mbele ya mtu yeyote.

Lakini Tabu, Shida, Mashaka, Masumbuko, Sikujua na Sijaona hayakutolewa kama dua. Yalitolewa kama ushahidi. Mama aliyezaa wakati wa njaa, au aliyefiwa na mume akiwa na mimba, au aliyepita katika uchungu wa siku tatu, hakuwa na kitabu cha kuandika yaliyompata; aliyaandika katika mtoto. Washona wa Zimbabwe wana Nhamo, lenye maana ileile ya dhiki, na hakuna anayedhani kwamba mama alimtakia mwanawe dhiki. Na kuna majina yaliyokusudiwa kumlinda mtoto kwa kumfanya asitamanike na kifo. Wamongolia waliopoteza watoto wamewaita waliofuata Nergui, yaani hana jina. Wayoruba wana Malomo, usiende tena. Watswana wana Matlakala, takataka. Ukiyasoma majina hayo katika orodha, utaona maana mbaya. Ukimjua mama aliyeyatoa, utaona mapenzi makubwa kuliko yaliyomo katika jina lolote lenye maana ya ua au nyota.

Wala jina gumu halikumzuia mtu kuinuka. Yule mwimbaji mkuu wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, wazazi wake walimwita Mtumwa. Alipokuwa mtu mzima akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na kwa jina la Siti binti Saad akarekodi sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Nakiri kwamba kisa hiki kinakata pande zote mbili, kwa sababu heshima ilipokuja, jina la kwanza liliwekwa kando.

Ukiniuliza rai yangu, sijaona kwamba neno lenyewe humletea mtoto balaa. Nililoliona ni jingine. Niliwahi kufundisha msichana mwenye jina la jamii hii ya Tabu, na kila alipochelewa au kukosea hesabu palikuwa na mtu mzima wa kulichezea jina lake mbele ya darasa, na watoto wakacheka. Alikuwa na akili nyingi, na kufikia mwisho wa mwaka alikuwa haitiki tena anapoitwa. Madhara hayo yalitoka vinywani mwetu sisi wakubwa, lakini yalimpata yeye, na mzazi anayechagua jina leo ana wajibu wa kuyafikiria.

Sasa msikilize mama yako. Yeye hasemi mtoto apewe dhiki. Anataka kusikia nyumbani mwake jina la mwanamke aliyemlea. Anatafuta somo wa bibi yake, yaani mwenye jina moja naye, na hamu hiyo ni ya watu wengi duniani. Wakikuyu wana mpango kamili: mwana wa kwanza huitwa kwa jina la babu mzaa baba, binti wa kwanza kwa jina la bibi mzaa baba, kisha zamu ya upande wa mama. Wagiriki nao, ambao wazee wetu waliwafahamu vizuri katika mashamba ya mkonge ya Tanga, humwita mjukuu kwa jina la babu yake. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki humpa mtoto jina la jamaa aliyekwisha fariki tu, wakati Wayahudi wa asili ya Hispania huona ni heshima kulitoa jina la babu angali hai. Wachina, kinyume chake, huona ni utovu wa adabu kumpa mtoto jina la mzee wa ukoo. Bibi yenu ni marehemu, na kwa desturi ya pwani hakuna kizuizi.

Basi fanya hivi. Keti na mama yako, wewe na mkeo pamoja, mumwombe awasimulie Bibi Tabu alizaliwaje na kwa nini aliitwa hivyo. Nina hakika kwamba nusu ya ugomvi itakwisha mkeo akisikia habari za mtu badala ya neno. Kisha mwulize: chuoni, yaani madrasa, aliitwa nani? Wanawake wengi wa kizazi hicho walikuwa na majina mawili, la nyumbani lililotokana na tukio, na la chuoni, alilosomea Kurani na ambalo ndilo lililotajwa siku ya kufunga ndoa. Huenda Bibi Tabu alikuwa Mwanaisha, Fatuma au Halima, na wajukuu hawakuambiwa. Likipatikana jina hilo, mpeni mtoto rasmi, na mama yako ana ruhusa ya kumwita somo yake Tabu akiwa amempakata barazani. Likiwa ni Mwanaisha, mkeo atakuwa ameipata Zoe yake bila kumnyima mtu kitu.

Na kama hakuwa na jina la pili, lipo jibu ambalo mimi mwenyewe nalipenda. Mtoto anaweza kupewa jina linalojibu jina la mkuu wake. Yusufu alimwita mwanawe wa kwanza Manase, kwa kuwa Mungu alimsahaulisha taabu zake, na Waethiopia wana Masresha, lenye maana hiyohiyo ya kusahaulisha, na Kassa, fidia. Sisi tunasema baada ya dhiki faraja, na Faraja ni jina la mtoto. Kila atakayeuliza kwa nini ameitwa Faraja atatajiwa Tabu kwanza, na hapo mama yako atakuwa amelisikia jina la bibi yake. Subira nalo linafaa, na Rehema pia, lakini Faraja linashikana na Tabu kama swali na jibu.

Usiwasahau wazee wa Muheza. Bonde, nchi ya Wabondei, lina majina yake ya asili, na lina majina ya ubatizo yaliyoingia tangu siku za misheni ya Magila, na upande wa mkeo ukiulizwa mapema hautahisi kwamba umeletewa jina lililokwisha pikwa Makorora. Pengine binti wa pili atakuwa zamu yao. Lisemeni hilo sasa.

Mkishakubaliana, liandikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mpatane ni Fatuma au Fatma, Mwanaisha au Mwanaaisha, na karatasi hiyohiyo ndiyo iende na mama kliniki na kwenye usajili, ambao sheria inataka ufanyike ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Binti wa ndugu yangu ana jina la Zuhura kwenye kadi ya kliniki na Zuhra kwenye cheti, kwa sababu kila aliyeandika alisikia kwa sikio lake, na tangu alipoanza kuomba nafasi za masomo amekuwa akila viapo kuthibitisha kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Muda mlio nao unatosha: akika ni siku ya saba, na kwa Waislamu wengi wa pwani jina hutangazwa siku hiyo, kwa hiyo hata mtoto akitangulia kuja kabla hamjamaliza mazungumzo na mama, mna wiki nzima mbele yenu.